Baiskeli ni ya Yule Awezaye Kuipanda

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi kando ya barabara yoyote ya mji wa Tanga, utaona baiskeli za kila namna zikipita. Yumo mama aliyevaa baibui akienda sokoni, yumo kijana aliyebeba gunia la mkaa, na yumo mzee aliyevaa kanzu akirejea nyumbani kutoka msikitini. Wote wanakwenda vizuri. Lakini hebu mtazame kila mmoja anaposimama ili ashuke. Hapo ndipo utakapotambua ni nani anayeitawala baiskeli yake, na ni nani anayetawaliwa nayo.

Mzee mmoja wa mji huo, mwalimu aliyestaafu, alikuwa ameiegemeza baiskeli yake ukutani kwa miezi kadhaa mwandishi wa makala haya alipomtembelea. Matairi yalikuwa yamejaa upepo na mnyororo umetiwa mafuta. Baiskeli haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika nyonga ya mwenyewe, kwani hakuweza tena kuuinua mguu ukavuka kiti. Siku ya mwisho aliyojaribu, kisigino kilikwaa kwenye mzigo uliokuwa juu ya keria, akaanguka chini pamoja na baiskeli. Tangu siku hiyo, shambani kwake alikwenda pale tu alipopata mtu wa kumpeleka.

Mkewe mwanawe alimwambia, "Baba, chukua hii yangu. Haina bomba la juu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, nipite sokoni juu ya baiskeli ya kike? Wale niliowafundisha wataniona."

Jibu hilo si la mzee huyo peke yake. Wako wanaume wengi ambao wangeacha kabisa kupanda baiskeli kuliko kuonekana juu ya baiskeli isiyo na bomba la juu. Wako pia akina mama wanaohangaika na baiskeli ndefu za waume zao kwa sababu ndizo zilizopo nyumbani. Kwa hiyo inafaa tujiulize: hilo jina la "baiskeli ya kike" limetoka wapi?

JINA LILITOKANA NA NGUO

Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, ambayo gurudumu lake la nyuma lilizungushwa na mnyororo. Baiskeli tunazozijua leo zinatokana na umbo hilo. Kabla ya miaka kumi hiyo kwisha, watengenezaji walikwisha kuliteremsha bomba la juu ili wanawake waliovaa magauni marefu waweze kupanda bila kupandisha nguo zao. Waliongeza pia kifuniko cha mnyororo, na wavu wa nyuzi kando ya gurudumu la nyuma ili pindo la gauni lisinaswe na spoki.

Basi, ndugu msomaji, sababu ilikuwa nguo ndefu, wala haikuwa udhaifu wa mwanamke. Na kama sababu ni nguo ndefu, tumwambie nini mwanamume wa pwani aliyevaa kanzu au kikoi? Yeye na yule bibi wa Kiingereza wa karne ya 19 wana shida moja.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulitambua jambo hili. Nchini Japani, baiskeli zenye fremu ya chini na kikapu mbele hutumiwa na akina mama, wanafunzi, na hata wanaume waendao stesheni kupanda treni. Baadhi ya baiskeli hizo, zikiisha kutumika huko, huletwa na kuuzwa hapa kwetu. Nchini Uholanzi, ambako si ajabu kumwona mtu wa miaka 70 na zaidi akiwa juu ya baiskeli, wachunguzi wa ajali wamebaini kwamba baadhi ya wazee huumia wakati wa kupanda au kushuka, wala hakuna gari wala mtu aliyewagonga. Ndiyo maana wanaume wengi wazee wa huko huchagua fremu ya chini bila kuona haya.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Baiskeli husimama vema inapokuwa katika mwendo. Wakati wa kupanda na kushuka mwendo hakuna, nawe umesimama kwa mguu mmoja huku mwingine uko hewani. Ukiwa na mzigo au mtoto juu ya keria, mguu hauwezi kuzunguka kwa nyuma, nawe unalazimika kuupitisha juu ya bomba. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Mwenye ugonjwa wa goti, mjamzito au mtu mfupi hawezi.

NAMNA YA KUCHAGUA

Fremu zimegawanyika katika namna tatu. Ya kwanza ni ile ambayo bomba la juu limelala sawasawa kutoka chini ya usukani mpaka chini ya kiti. Ya pili bomba hilo limeinamishwa, likaishia katikati ya nguzo ya kiti. Hiyo hupunguza shida, lakini bado hukulazimu kuinua goti. Ya tatu mabomba yake yameteremka hadi karibu na pedali, nayo ndiyo imfaayo mwenye maumivu ya nyonga au goti.

Usinunue kwa kutazama rangi. Nenda dukani ukiwa umevaa nguo uvaazo kila siku, yaani kanga, baibui au kanzu yako. Omba uwekewe mzigo kidogo juu ya keria. Shika breki zote mbili, inamisha baiskeli kidogo upande wako, kisha pitisha mguu katika uwazi wa fremu. Panda na ushuke mara tatu. Ikiwa mara ya tatu umelazimika kushika ukuta au bega la mwenye duka, baiskeli hiyo haikufai, hata bei yake ikiwa nzuri namna gani.

Tazama pia urefu wa kiti. Ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Hicho ni kipimo cha mwendeshaji mzoefu. Mwanafunzi na mzee wateremshe kiti mpaka vidole vya miguu yote miwili viguse ardhi. Na usijaribu kukaa kitini kabla ya kuondoka. Kwanza simama katikati ya fremu, weka mguu mmoja juu ya pedali iliyoinuka, ukanyage, na mwendo wenyewe utakuinua mpaka kitini. Unaposhuka, shika breki, toka kitini uje mbele, kisha ukanyage ardhi.

Hakikisha kuwa kuna kifuniko cha mnyororo na kinga kando ya gurudumu la nyuma. Kanga iliyonaswa na spoki humwangusha mtu ghafla.

UDHAIFU WAKE

Haifai kumficha msomaji upande wa pili. Bomba la juu si pambo. Pamoja na mabomba mengine hufanya umbo la pembetatu linaloipa fremu nguvu. Likiondolewa, mtengenezaji hulazimika kutumia mabomba manene zaidi, na baiskeli huweza kuwa nzito kidogo. Ikibebeshwa mzigo mkubwa nyuma, huyumba zaidi. Kwa hiyo anayebeba magunia ya mkaa kila siku afadhali abaki na fremu yenye bomba la juu. Na anayenunua baiskeli iliyokwisha kutumika achunguze pale mabomba yanapoungana karibu na pedali. Akiona ufa, au rangi iliyopasuka kwa mstari, aiache.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimpelekee mchomelea vyuma baiskeli yako ndefu akate bomba la juu. Fremu hiyo haikutengenezwa kusimama bila bomba hilo, nayo yaweza kuvunjika ukiwa njiani. Ikiwa huna uwezo wa kununua nyingine, teremsha kiti, kisha ulaze baiskeli chini kadiri uwezavyo, vuka bomba likiwa chini, halafu uiinue ikiwa kati ya miguu yako. Ni njia ya polepole, lakini ni salama.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimsema mvivu atafutaye kisingizio. Hawakumkataza mkulima kuchagua mpini uutoshao mkono wake.

Yule mwalimu mstaafu tulimwacha akiwa bado anabisha. Lakini alfajiri moja, kabla watu hawajawa wengi barabarani, aliitoa baiskeli ya mkwewe uani na kuipitisha mguu mara moja tu. Alikwenda mpaka shambani, akarudi jua likiwa limekwisha kupanda, akiwa na muhogo katika kikapu cha mbele. Sokoni alikutana na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule mtu. "Siku nyingi hatukuoni."

Kuhusu baiskeli hakuuliza kitu.