Mama, Usiing'oe Kwanza

Juma hili nina barua ya mama mmoja Mkenya aishiye katika jimbo la Kansas, Marekani. Marehemu mumewe alipanda alizeti karibu na mlango, mwaka wake wa mwisho. Ilichanua vizuri mwezi wa Septemba. Kufika Novemba ikawa nyeusi, ikakauka mpaka chini. Jirani amemwambia aing'oe. Mama auliza, "Mchungaji, nifanyeje?"

Mama, ngoja kwanza. Alizeti tuijuayo huku kwetu, ile ya kukamua mafuta, huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa katika msimu mmoja. Ikikauka, kazi yake imekwisha. Lakini ziko alizeti nyingine ambazo huishi miaka mingi. Mojawapo ni ile yenye majani membamba, ambayo wataalamu huiita Helianthus salicifolius. Kwao ni nyika za katikati ya Marekani, hata hiyo Kansas. Baridi kali ikija, sehemu ya juu hufa. Mizizi na shina lililo chini ya udongo hubaki hai, na joto likirudi huchipua tena.

Porini hupita mita 2, na mara nyingi upepo na mvua huilaza. Kwa hiyo watunza bustani wamechagua aina fupi. Iitwayo Low Down ni ya sentimita 30 hadi 45 hivi. Autumn Gold yapata sentimita 60. First Light yapata mita 1.2. Huchanua Septemba na Oktoba, wakati majani ya miti yanapukutika na maua mengi yamekwisha. Basi nyuki na vipepeo hupata chakula wakati wa uhaba.

Sasa utunzaji wake. Kwanza, ipate jua saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini hurefuka na kulala. Pili, usiitie mbolea nyingi, maana itakua haraka bila nguvu. Tatu, ikiwa ni ya aina ndefu, kata ncha zake mwezi wa Juni, nayo itakuwa fupi yenye matawi mengi. Nne, kila baada ya miaka 3 au 4, inapoanza kuchipua, chimbua shina, uligawanye, upande vipande.

Nawe mama, acha vijiti hivyo vikavu visimame. Ndege watakula mbegu. Machi vikate karibu na ardhi, halafu usubiri. Siwezi kukuahidi kwamba iko hai. Udongo unaotuama maji wakati wa baridi huozesha mizizi. Ikifika mwisho wa Mei bila chipukizi, fukua polepole kwa mkono. Mzizi ulio laini na wenye kunuka umeoza. Mzizi mgumu, mweupe ndani, ungali hai. Urudishe udongo juu yake.

Jirani hakukosa kwa ubaya; alitazama juu tu. Sisi nasi hufanya hivyo, tena si kwa maua peke yake.

Ikichipua, mama, mwaka wa tatu igawanye, na kila mtoto umpe kipande akapande mlangoni pake.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.