Usinunue Swichi Nzima, Balbu Ndiyo Imeungua

Je, umewahi kuendesha gari usiku kwenye ukungu huku ukipapasa dashibodi kutafuta swichi?

Kikundi chetu kina Toyota HiAce ya mwaka 1994. Kazi yake ni kubeba mbolea, viti vya arusi na, saa yoyote ya usiku, wagonjwa. Siku moja tulikuwa tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, tukimpeleka Naivasha mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Kioo cha mbele kikaingia mvuke. Dereva akaanza kutafuta swichi ya feni kwa vidole, na muda huo wote macho yake hayakuwa barabarani. Tulifika salama, lakini kesho yake tukasema taa hizo lazima zitengenezwe.

Fundi mmoja alituambia tununue swichi mpya. Lakini swichi ilikuwa nzima! Feni ilizunguka vizuri. Kilichokufa ni kabalbu kadogo ndani yake, ambako bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na swichi.

Kwanza jua ugonjwa

Washa taa ndogo za gari. Ikiwa swichi zote za dashibodi ni giza, usifungue kitu bado. Angalia fyuzi ya taa ndogo, na kile kidude cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Pengine mtu amekizungusha hadi mwisho. Ikiwa ni swichi moja tu iliyo giza, basi hiyo ni balbu.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ndogo, spana ya betri, kitambaa, na kipande kifupi cha mpira mwembamba kama ule wa maji ya waipa. Balbu usinunue mpaka utoe ile ya zamani uende nayo dukani. Nyingi ni za aina ya T5, yaani upana wa milimita 5, volti 12, wati 1.2, zisizo na kitako cha chuma.

Jinsi ya kufanya

1. Zima gari, kisha fungua waya wa negativu wa betri.

2. Funga ncha ya bisibisi kwa kitambaa ili usikwaruze dashibodi. Swichi nyingi hushikwa na vijino vya plastiki. Bonyeza vijino, swichi itoke polepole. Plastiki ya zamani ni kavu, ukilazimisha itavunjika.

3. Chomoa plagi ya waya. Nyuma ya swichi utaona kishikio cha balbu. Kizungushe robo mzunguko kuelekea kushoto, kitatoka.

4. Vuta balbu moja kwa moja bila kuzungusha. Vidole vikishindwa, ivalishe ule mpira uvute. Ikiwa uzi wa ndani umekatika au kioo ni cheusi, umempata mwizi.

5. Ikiwa balbu ina kofia ya rangi, ihamishie kwenye balbu mpya. Rudisha kila kitu, unganisha betri, na ujaribu taa kabla ya kusukuma swichi mahali pake.

Swichi nyingine zina balbu iliyounganishwa kwa risasi. Hizo mpelekee fundi wa redio mwenye chuma cha kulehemu. Kazi yake ni ya dakika chache.

Je, LED inafaa?

Inafaa, na haili stima nyingi. Ukiitia isiwake, igeuze, kwa maana ina upande wa positivu na wa negativu. Ukitumia LED tupu ya fundi wa redio, lazima uunganishe na rezista ya omu 1,000, la sivyo itaungua mara moja. Injini ikinguruma stima hupanda hadi volti 14 hivi.

Onyo

Usitie balbu ya wati 5 ili upate mwanga mwingi. Hiyo hula stima mara nne zaidi, na joto lake huyeyusha plastiki ya swichi.

Tena, usitie LED kwenye taa nyekundu ya betri. Katika magari mengi ya zamani, stima inayopita kwenye balbu hiyo ndiyo inayoamsha alteneta. Ukiibadilisha, huenda betri isichajiwe, nawe ukwame njiani na mgonjwa ndani.

Kila asubuhi geuza ufunguo kabla ya kustati. Taa ya betri na ya oili ziwake, na injini ikinguruma zizime. Isiyowaka imeungua, nayo haitakuonya oili ikiisha.

Tulimaliza yetu jioni moja, chini ya mwembe, vijana wawili wa kikundi wakijifunza. Sasa dereva wetu huangalia swichi mara moja tu, kisha macho yanarudi barabarani.