Mwamba Ukivunjwa, Samaki Hupoteza Maficho na Mpangilio wa Kuzaliana

Samaki wa miamba ya matumbawe hawaishi kiholela. Nani atakula kwanza, nani atapata maficho na nani atazaa ni mambo yanayoamuliwa na umbo la makazi pamoja na cheo cha samaki katika kundi lake.

Matumbawe yenye matawi huwapa samaki wadogo nafasi za kujificha chewa anapopita. Nafasi hizo ni chache, hivyo hugombewa. Mara nyingi samaki wakubwa hushika sehemu bora, ambako chakula kinacholetwa na mkondo hufika kwanza, na wadogo husukumwa pembeni.

Mfano ulio wazi ni wa samaki wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma. Katika kila anemoni, samaki mkubwa kuliko wote ni jike, wa pili ni dume lake, na waliobaki hawazai. Utafiti uliofanyika Papua New Guinea na kuchapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa samaki wa chini huzuia ukuaji wao wenyewe ili wasimfikie aliye juu na kufukuzwa, kwa kuwa nje ya anemoni huliwa upesi. Jike akifa, dume hugeuka jike, na anayefuata hushika nafasi ya dume.

Kwa spishi nyingi za chewa mabadiliko huenda kinyume: samaki huanza maisha akiwa jike, na baadhi hugeuka dume wakishakuwa wakubwa. Hivyo, uvuvi unaolenga chewa wakubwa pekee hupunguza madume wanaohitajika kurutubisha mayai.

Baruti huleta madhara makubwa zaidi, kwani huua wakubwa kwa wadogo na kubomoa maficho yao kwa pamoja. Matumbawe magumu ya mviringo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, hivyo jiwe lililovunjwa kwa sekunde moja huhitaji miongo kadhaa kurejea.

Ndiyo maana Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa kutumia milipuko nchini Tanzania, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inaruhusu kutengwa kwa maeneo ya uhifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Kulinda mwamba ni kulinda pia mpangilio unaowawezesha samaki kuzaliana na kumpatia mvuvi riziki ya kesho.