Masomo Yanayosubiri Zamu: Utangulizi

Katika kila shule ya msingi kuna masomo yanayopewa saa za asubuhi, akili za watoto zikiwa bado zimetulia, na kuna masomo yanayosubiri zamu. Lugha na hesabu zimo katika kundi la kwanza. Historia, jiografia, muziki, uchoraji, kazi za mikono na michezo zimo katika la pili: hufundishwa zikipata nafasi, na mtihani ukikaribia nafasi yenyewe hunyang'anywa. Uingereza iliuandika mgawanyo wa namna hii katika sheria yake ya elimu ya mwaka 1988. Kwetu Afrika Mashariki haikuhitajika sheria. Ratiba na mtihani vilitosha.

Uwanja ninaomkaribisha msomaji unahusu masomo ya kundi hili la pili na namna ya kuyafundisha kwa ubunifu. Semina nyingi zimewazoesha walimu kuamini kwamba ubunifu ni wimbo wa kuchangamsha darasa, picha za rangi ukutani na mwalimu mcheshi. Hayo hayana ubaya, ila mtoto anaweza kuimba orodha ya wafalme mwaka mzima asijue historia ni kazi ya namna gani. Kwa maoni yangu, mwalimu mbunifu ni yule anayempa mtoto kazi ya somo lenyewe, asiishie kumpa matokeo ya kazi waliyoifanya wengine. Mwanahistoria hupima ushahidi. Mwanajiografia huuliza kwa nini kitu kiko hapa na hakiko pale. Mpiga ngoma husikiliza wenzake huku akipiga. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuzifanya kazi hizi zote kwa kiwango chake. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliijenga hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1960: kiini cha somo lolote kinaweza kufikishwa kwa mtoto bila kukipotosha, mradi umjie kwa njia anayoielewa na umrudishie baadaye kwa kina zaidi.

Mifano yangu mingi nitaitoa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayokwenda Rumonge. Upande mmoja liko Ziwa Tanganyika, upande mwingine milima, na kati yake nyumba, soko, mashamba na mito inayoshuka kwa fujo wakati wa masika. Nyumbani watoto wanazungumza Kirundi. Kiswahili wanakisikia sokoni na mwaloni. Kifaransa kinawangoja katika vitabu vya madarasa ya juu. Tangu mageuzi ya mwaka 2013 mtoto wa Burundi huingia katika elimu ya msingi ya miaka tisa, ambayo kila mtu huiita Ecofo, na humo hukutana na lugha nne, Kiingereza kikiwa ya nne. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005 na madarasa yakafurika. Basi anayesema ubunifu unahitaji watoto ishirini na tano na kabati la vifaa amekwisha kuwatoa nje walimu wengi wa Bujumbura, na mimi sina haja na elimu ya namna hiyo.

Tuanze na historia, maana hapo ndipo uvivu wa kufundisha unapoonekana upesi. Mugere, si mbali na Ruziba, pana jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wapo wanaomweleza mgeni kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana kwa mara ya kwanza. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, akataja tarehe 10 Novemba; tena madaftari ya wawili hao hayalingani siku. Mwalimu wa kawaida atasahihisha kosa kwa sentensi moja ubaoni na kuendelea. Mwalimu ninayemfikiria ataliacha kosa lisimame kwanza. Atawapa watoto vitu vitatu: maandishi ya jiwe, maneno ya watu, na maelezo ya kitabu. Atauliza: kila kimoja kinasema nini hasa? Jiwe linasema walikutana, au linasema walikuwapo? Aliyelichora alikuwapo siku ile? Nani katika hawa watatu alikuwa na sababu ya kutia chumvi?

Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: mwenyeji wao alikuwa nani? Wageni hao walipokelewa na mtawala wa pale aliyeitwa Mukamba. Walikula chakula cha watu fulani na kubebwa na mitumbwi iliyopigwa makasia na watu fulani. Jiwe limetaja wageni wawili tu. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe amejifunza jambo ambalo wanafunzi wa chuo kikuu hulisomea muhula mzima, kwamba kumbukumbu ina mwenyewe, na mwenyewe huchagua wa kumtaja.

Hapa sina budi kuweka tahadhari. Vitabu vingi vya ualimu vinashauri watoto watumwe kuwahoji wazee. Ushauri ni mzuri, lakini nchini Burundi mwalimu lazima achague swali kwa makini. Kumtuma mtoto akamuulize bibi yake habari za mauaji ya 1972 au ya 1993 si zoezi la darasa la nne. Huko ni kufungua kidonda usichoweza kukifunga kengele ikilia. Yapo maswali mengine yenye uzito usioumiza. Jiji lilipoitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa 1 Julai 1962, barabara hii ilikuwaje? Soko lilikuwa wapi? Na hili: maji ya ziwa yalifika wapi miaka ya mwanzo ya uhuru? Ziwa Tanganyika lilipanda sana wakati huo, kilele kikawa mwaka 1964. Limepanda tena miaka hii ya karibuni, na watu wa Gatumba, jirani na Bujumbura, wanajua kwa nyumba zao linafika wapi. Mzee anayekumbuka mti uliozama ni ushahidi, na mtoto anaweza kuupima kwa hatua kutoka ufukweni hadi pale anapoonyeshwa. Wazee wawili wakitofautiana, somo limenoga.

Hapo tumekwisha kuingia katika jiografia bila kuvuka mpaka wowote. Jiografia ya Ruziba ina swali lililowahi kuwasumbua wasafiri mashuhuri. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Wao hawakufika kuuona mdomo wake, na mabishano yakaendelea Ulaya kwa miaka. Livingstone na Stanley walikwenda hadi mdomoni Novemba 1871, katika safari ileile ya jiwe la Mugere, wakakuta maji yanaingia kama walivyosema wenyeji. Darasani swali hili halihitaji ramani iliyochapishwa. Rundo la mchanga uani, ndoo ya maji, na kijiti cha kuchimba mfereji vinatosha kuonyesha mto unafanya nini unapofika mahali tambarare: unapunguza mwendo, unatua mzigo wake, unajigawa. Kesho yake watoto watazame mto ulio karibu nao baada ya mvua, wasimame mbali na kingo zake, waone rangi ya maji yanapoingia ziwani. Swali jingine litakuja lenyewe: kama mito yote hii inaingia, maji yanatokea wapi? Jibu liko ng'ambo, upande wa Kongo, kwenye mto Lukuga, na kulifikia kunahitaji ramani. Sasa ramani imeitwa na swali, nayo itasomwa kwa hamu.

Takwimu pia zina nafasi yake, ila zifike zikiwa na kazi. Kusema kwamba Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha takriban mita 1,470 hakumfanyi mtoto kitu. Mwambie uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, umwache atoe. Atagundua kwamba chini ya ziwa anamooga kila Jumapili kuna mahali palipo kama mita 700 chini ya usawa wa bahari ambayo hajawahi kuiona. Nimeona hesabu hiyo ikinyamazisha hata watu wazima.

Muziki unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa na mitaala yetu. Ngoma za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na mpangilio wake ni somo kamili. Ngoma ya kati, inkiranya, inaongoza; amashakwe zinashika mapigo yasiyokatika; ibishikizo zinaifuata inkiranya. Gawanya darasa mara tatu, kila kundi lipewe kazi yake kwa viganja, kwa madawati, kwa miguu, kisha kiongozi abadili mapigo ghafla. Watasikia wenyewe nani amechelewa. Hapo watoto wanajifunza kusikiliza huku wakitenda, na hakuna ubao unaoweza kufundisha hilo. Nasema viganja na madawati kwa makusudi. Tangu amri ya rais ya Oktoba 2017, upigaji wa ngoma hizo hadharani unataka kibali na wanawake wamezuiwa kuzipiga. Mwalimu mwenye wasichana nusu ya darasa anatakiwa kujua sheria ilivyo. Masikio ya wasichana hayakuzuiwa na amri yoyote, wala mapigo ya mdundo hayana jinsia.

Kuhusu kazi za mikono nitasema kidogo tu: kikapu kinachosukwa na mtoto kwa siku kumi, akakifumua mara mbili, kina thamani kuliko vikapu vinne vya kadibodi vya kupamba ofisi ya mkurugenzi. Michezo nayo ina wataalamu wake, na wanazungumza vizuri kuliko mimi.

Uwanja huu una mababu. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakijifunza kupitia kupika, kusuka na kujenga. Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji nchini Ufaransa, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mapafu yaliyojeruhiwa, asiweze kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Alipoanza kazi Bar-sur-Loup mwaka 1920 aliwatoa watoto nje kutazama, baadaye akapata mashine ndogo ya chapa wakachapisha waliyoyaona. Huyu anatuhusu zaidi, kwani udhaifu wa kifua chake ulimfundisha kunyamaza, na sisi wenye vifua vizima bado hatujajifunza. Hapa kwetu, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na miaka ya 1970 shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ikawa mahali pa kujaribu mtaala uliotoka katika maisha ya kijiji chenyewe.

Yamefanyika makosa pia, na la kwanza ni kile ninachokiita wiki ya samaki. Mwalimu anaamua kila somo liwe la samaki: watoto wanachora mukeke, wanaimba mukeke, wanahesabu ndagala, wanacheza mchezo wa wavuvi. Wiki imekuwa ya furaha, na hakuna somo hata moja lililosonga mbele. Uchoraji haukuuliza mwanga unaanguka vipi kwenye magamba. Muziki haukuuliza chochote. Swali moja la kweli lingetosha, kwa mfano kwa nini wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Kosa la pili limeonekana Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa mwaka 2017: kazi za mradi zilipelekwa nyumbani, na wazazi wengi wakalalamika kwamba wao ndio wanunuzi wa vifaa na wao ndio watengenezaji. Ubunifu unaomtoza mzazi pesa huwabagua watoto mapema sana.

Linabaki jambo ambalo uwanja wetu haujalimaliza, nalo ni upimaji. Mtihani wa taifa hulipa kumbukumbu: tarehe, jina, mji mkuu. Mzazi wa Ruziba anajua hivyo, naye hana makosa kuuliza kama rundo la mchanga litampeleka mwanawe shule ya juu. Wapo wenzangu wanaojibu kwa kuulaani mtihani. Mimi naona jibu hilo ni la mtu ambaye mwanawe amekwisha kufaulu. Njia ninayoiamini ni ya kazi ndogo za kila siku: darasa liwe na daftari moja la pamoja, na kila jambo linaloandikwa humo liandikwe na namna lilivyojulikana. Ziwa lilipanda 1964: nani amesema, tumepima wapi? Stanley alifika Mugere: jiwe, au kitabu? Mwalimu anapopitia daftari hilo mwisho wa muhula ana vitu viwili mkononi, tarehe ambazo mtihani utazidai na rekodi ya jinsi watoto walivyofikiri. Cha kwanza kina alama zinazojulikana. Cha pili bado tunabishana jinsi ya kukitia alama, na sehemu kubwa ya maandishi ya uwanja huu, mwalimu mwenzangu, utayakuta yakizungukia bishano hilohilo.