Mbege kama Bia: Ufundi, Istilahi na Mustakabali wa Kinywaji cha Wachaga

Katika Kiswahili cha Tanzania, neno bia kwa kawaida humaanisha kinywaji cha kiwandani kinachouzwa kwa chupa au kopo, ilhali vinywaji vinavyopikwa majumbani hukusanywa chini ya jina moja la pombe za kienyeji. Mgawanyo huu hueleza mahali kinywaji kinapotengenezwa, wala hauelezi namna kinavyotengenezwa. Makala haya yanachunguza mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro na kujenga hoja kwamba, kwa kigezo cha ufundi, mbege ni bia.

Kwa maana ya msingi, bia ni kileo kitokanacho na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Nafaka inapoota hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo hugeuzwa na hamira kuwa kileo. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopi na maji pekee. Hamira haikutajwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa bado haijafahamika. Mapokeo hayo ya shayiri na hopi ya Ulaya ndiyo yaliyoingia Dar es Salaam kupitia kiwanda cha Tanganyika Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1933.

Katika mbege, kila kiungo cha bia hiyo kina mwenzake. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wake hupikwa uji uitwao mso. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu hadi zibadilike rangi, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Magome ya msesewe hutia uchungu, kazi ambayo katika bia ya Ulaya hufanywa na hopi. Maji ya ndizi yaliyochujwa yanapochanganywa na mso, uchachukaji huendelea, nao huletwa na hamira za asili bila kununuliwa dukani.

Tofauti ya kweli iko katika uhifadhi. Mbege huendelea kuchachuka hata baada ya kuiva, hivyo ladha yake hubadilika upesi na haifai kukaa siku nyingi. Sifa hiyo huifungamanisha na mkusanyiko wa watu: hupikwa kwa siku maalumu, iwe ni posa, harusi, tambiko au usuluhishi wa ugomvi. Anayetaka kuiuza mbali hulazimika kuusimamisha uchachukaji, na hapo kinywaji hupoteza uhai unaokitambulisha.

Suala hili lina uzito zaidi leo, kwani bia za watengenezaji wadogo zimepata heshima katika nchi nyingi. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliruhusu upikaji wa bia nyumbani kwa matumizi binafsi bila kodi ya serikali kuu, na baadhi ya wapikaji hao wakaja kuanzisha viwanda vidogo. Viambato vya mahali na hamira za asili, vinavyosifiwa huko kama ubunifu, ni mambo ya kawaida kwa wapikaji wa mbege.

Kwa hiyo, istilahi pombe ya kienyeji haitoshelezi. Inamtaja mpikaji kwa mahali anapoishi na kuuficha ujuzi wake wa kuotesha nafaka, kupima uchungu na kukadiria muda. Ujuzi usio na jina lake hauthaminiwi, na usipothaminiwa hukosa wa kuurithi.