Majani ya Vilima Vyetu Yapambe Uwanja

Nyumba yetu imejengwa mtelemkoni, katika vilima vya Bukavu, ambako mvua huanza Septemba na kuendelea karibu mpaka Mei. Zamani tulifagia uwanja wote kila asubuhi, pasibaki hata jani moja. Majirani walitusifu. Lakini mvua ilichukua udongo kidogo kidogo, hata mawe ya msingi yakaonekana wazi. Mama yangu alipokuja kututembelea, aliyatazama, kisha akaniuliza, “Mwanangu, udongo huu unashikwa na nani?” Sikuwa na jibu.

Ndipo nilipopanda kilimani kutafuta majani yaitwayo na wataalamu Setaria sphacelata. Ni mzaliwa wa Afrika; mashuke yake ni laini kama mkia wa paka, nayo hung’aa kama dhahabu jua lipigapo. Wakulima wa Kivu na Rwanda huyapanda kukinga mashamba yao. Kwa nini yasipambe nyumba?

Kazi yake ni rahisi. Mvua zianzapo, ng’oa shina moja kubwa, uligawe vipande, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi. Punguza majani yabaki kiasi cha shibiri moja. Panda kwa mistari inayokata mtelemko, wala si kuufuata, ukiacha nusu ya hatua kati ya shina na shina. Mwisho wa kiangazi yakate, usiyachome. Mbuzi watayala kwa furaha.

Tena jihadharini na mambo mawili. Msilete uwanjani majani yale ambayo mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, yenye ncha kali kama sindano: yataingia hata katika mihogo. Na mbele ya mlango pabaki peupe, pafagiliwe, nyoka asipate maficho.

Yako pia majani yetu yenye mashuke mekundu, Melinis repens. Wageni waliyapenda, wakayapeleka mpaka Florida, Marekani. Huko yameenea ovyo, yamekuwa adha. Hapa yako kwao, nasi twayakanyaga tukitamani maua ya ng’ambo! Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Leo mawe ya msingi wetu yamefunikwa tena. Mama alipokuja mara ya pili hakuuliza neno. Aliomba kipande cha shina, akakifunga katika kitambaa chake, akaenda nacho kwake.