Panga Shamba Lako Kabla Maji Hayajalipanga

Na Bwana Shamba wenu, Karagwe

Ndugu mkulima wa Ihembe, na wewe mkulima wa Karagwe na Kyerwa yote, mvua kubwa ikinyesha, maji ya shamba lako huenda wapi?

Mvua ikikatika, toka nje uyatazame maji yanayoteremka njiani. Je, ni safi, au yana rangi ya udongo? Kama yana rangi ya udongo, hayo si maji matupu. Hilo ni shamba la mtu linasafiri. Litafika bondeni, litaingia mtoni, na mwisho Mto Kagera utalipeleka Ziwa Viktoria. Halitarudi tena.

Sisi tunaishi juu ya vilima. Migomba yetu, kahawa yetu na maharage yetu yako kwenye miteremko. Kwa hiyo, kwetu sisi kulima peke yake hakutoshi. Ni lazima pia kulipanga shamba. Leo tutazungumza juu ya kupanga shamba kwa vipimo, tukitumia vifaa ambavyo kila kijiji kinaweza kuvipata.

HESABU YA MAJI NA UDONGO

Tufanye hesabu kidogo. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 na zaidi kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, inaleta maji lita 1. Basi mvua nzito ya milimita 30 inaleta juu ya ekari yako maji lita 120,000. Hayo ni madebe 6,000. Yote yameshuka kutoka mbinguni, bila ndoo na bila malipo.

Ardhi ikiwa imefunikwa kwa matandazo, maji mengi yatazama. Ardhi ikiwa wazi, mengi yatakimbia, nayo yakikimbia hubeba udongo. Kama mvua za mwaka mmoja zitachukua tabaka la udongo lenye unene wa milimita 1 tu, yaani nyembamba kuliko sarafu, umepoteza karibu tani 5 za udongo katika ekari moja. Tena ni udongo wa juu, wenye samadi na mboji uliyoitafuta kwa jasho. Kwa macho huwezi kuona. Utaona baadaye, mkungu unapokuwa mdogo mwaka hata mwaka.

WENZETU WALIFANYAJE

Kazi hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Huko Mbinga, Wamatengo wamelima milima mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia ngoro. Ngoro ni vishimo vilivyozungukwa na matuta. Kila kishimo hushika maji yake, na nyasi huozea ndani ya matuta na kuwa mbolea.

Huko Machakos, nchini Kenya, wakulima walijenga matuta ya ngazi kwa njia ya fanya juu, hasa kuanzia miaka ya 1950. Vilima vilivyokuwa vimechunika leo vina mahindi, matunda na miti.

Lakini sikiliza pia habari ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wakati wa ukoloni, serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi udongo ulikuwa mwembamba. Kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba, na mazao yakapungua. Mwaka 1955 watu walikataa, na ghasia zikatokea.

Tunajifunza nini? Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, tuta zuri mahali pamoja laweza kuwa baya mahali pengine. La pili, kazi ya shamba haiendi kwa amri. Inakwenda kwa kuelewa na kukubaliana.

PIMA KWANZA, JEMBE BAADAYE

Watu wengi huchimba mtaro kwa kukadiria kwa macho. Macho hudanganya kilimani. Mtaro ukiinama upande mmoja, maji yote hukimbilia huko, na baada ya misimu michache unakuwa korongo. Kwa hiyo tumia kipimo.

Kipimo rahisi ni fremu ya herufi A. Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila mmoja mita 2, na ufito mwingine wa mita 1 au zaidi kidogo. Funga fito mbili ndefu pamoja juu, uzitanue miguu. Funga ufito wa tatu katikati, ulale kama mstari wa herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, ipite mbele ya ufito uliolala. Hiyo ni timazi, kama ile ya fundi mwashi.

Sasa simamisha fremu juu ya vigingi viwili. Tia alama pale kamba inapogusa ufito uliolala. Kisha geuza, mguu wa kulia uje kushoto, juu ya vigingi vile vile. Tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, tia alama ya tatu. Kamba ikikaa kwenye alama ya tatu, ujue miguu yote miwili iko sawa.

Anzia pembeni mwa shamba. Weka mguu mmoja kwenye kigingi. Sogeza mguu wa pili juu au chini mpaka kamba ikae kwenye alama ya katikati. Piga kigingi hapo. Zungusha fremu, uendelee mpaka upande wa pili wa shamba. Mstari wa vigingi utapinda kufuata kilima. Usiunyooshe kwa nguvu. Rekebisha kigingi kimoja kimoja tu kilichotoka nje sana.

Je, simu ya kisasa inafaa? Inafaa. Simu nyingi zina pimamaji ndani yake. Pia katika simu unaweza kuona picha ya kijiji iliyopigwa kutoka angani, ukaona korongo linaanzia wapi na linapita mashamba ya nani. Picha hiyo ni nzuri kwa mkutano wa kitongoji. Kama kijana wako ana simu ya namna hiyo, mwite mkapime pamoja. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa pia huja kwa redio na kwa simu, nao hukusaidia kujua siku za kumaliza kazi. Lakini kumbuka, simu haichimbi.

MITARO IACHANE KIASI GANI?

Chukua kamba ya mita 5. Mtu mmoja ashike ncha moja ardhini, upande wa juu. Mwingine ashuke na kuinua ncha ya pili mpaka kamba ilale sawa. Ning'inizeni pimamaji katikati ili mhakikishe. Kisha pimeni kimo kutoka ardhini mpaka kwenye ncha ya chini.

Kimo kikiwa sentimita 50, mitaro iachane mita 15.
Kimo kikiwa sentimita 75, mitaro iachane mita 10.
Kimo kikiwa sentimita 100, mitaro iachane mita 7 na nusu.
Kimo kikizidi sentimita 175, nakushauri usilime hapo mazao ya kila msimu. Panda miti au majani ya mifugo.

KUCHIMBA FANYA JUU

Kwanza chimba shimo moja la kujaribia. Ukikuta mwamba au changarawe karibu na uso wa ardhi, usichimbe mtaro. Panga mawe kwenye mstari, au panda mistari ya majani. Hili ndilo somo la Uluguru.

Udongo ukiwa wa kina, chimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Tupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana tunaiita fanya juu. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya tuta na mtaro, ili udongo usirudi ndani. Kila baada ya mita chache, acha kizuizi cha udongo ndani ya mtaro, kifupi kuliko kingo zake. Vizuizi huyafanya maji yatulie na kuzama.

Juu ya tuta panda mabingobingo, majani ya Guatemala au vetiva. Mizizi hushika udongo. Mabingobingo na Guatemala hulisha ng'ombe na mbuzi, na samadi hurudi kwenye migomba. Mwaka hata mwaka udongo utajikusanya nyuma ya tuta, na mteremko utageuka ngazi wenyewe.

Mtaro wa namna hii, kwa kila mita moja, unashika maji lita 360, yaani madebe 18. Mtaro wa mita 50 unashika karibu madebe 900. Shamba la ekari moja lenye mitaro mitano ya namna hiyo linaweza kushika karibu madebe 4,500 katika mvua moja. Linganisha na yale madebe 6,000 tuliyohesabu mwanzo. Sehemu inayobaki itazama kwenye matandazo.

Angalizo moja kubwa. Mtaro ukipita kwenye kibanja, jembe na panga hukata mizizi na migomba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao mwaka 2006 uliripotiwa mkoani Kagera, huenezwa na vifaa vyenye utomvu wa mgomba mgonjwa. Kwa hiyo pitisha panga na jembe kwenye moto, au uzioshe kwa maji ya jiki, kabla ya kuhama kutoka shina moja kwenda jingine. Waambie hivyo na majirani wanaokuja kukusaidia.

KILA KITU MAHALI PAKE

Shamba lililopangwa vizuri husaidia miguu yako pia. Kilele cha kilima kiwe na miti ya kuni na nguzo, kama grivelia. Chini ya miti, chimba mtaro mkubwa wa kukinga maji yanayotoka nje ya shamba. Katikati pawe na maharage na mahindi kati ya matuta. Kibanja cha migomba na kahawa kikae karibu na nyumba, kwa sababu ndicho kinachohitaji samadi na taka za jikoni kila siku. Zizi likae juu ya kibanja, si chini yake, kwa kuwa kubeba samadi ukishuka ni kwepesi kuliko kupanda nayo.

Usisahau paa. Bati la nyumba ya mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20 ikinyesha, huteremsha karibu madebe 48. Weka mfereji wa bati na pipa au tangi. Mama na watoto watapumzika kwenda kisimani siku hizo. Maji yanayofurika yaongoze kwenye migomba, si njiani.

Bondeni, karibu na mto, acha majani na miti ya asili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa.

WEWE UKO JUU, JIRANI YUKO CHINI

Sasa tuseme jambo gumu kuliko kuchimba.

Mara nyingi baba anapogawa shamba, huligawa kwa mistari mirefu ya kupanda na kushuka. Kila mtoto anapata kipande cha juu, cha kati na cha bondeni. Ni haki. Lakini mtaro hukata kilima kwa ubavu, nao unavuka mipaka ya ndugu watatu au wanne. Mmoja akikataa, maji ya wote watapita kwake, na baada ya muda atakuwa na korongo mlangoni.

Wengine humaliza shida yao kwa kuisukuma kwa mwenzao. Wanachimba mtaro mzuri, kisha wanaufungulia kwa jirani wa chini. Huko migomba inaanguka, na ugomvi unaanza. Nimeona ugomvi wa namna hii ukifikishwa Baraza la Ardhi la Kijiji, wakati siku moja ya mazungumzo ingetosha.

Ndugu mkulima, fanyeni hivi. Kabla ya kuchimba, mwite jirani wa juu na wa chini, na akina mama wawepo, maana wao ndio walimao kila siku. Tembeeni kilima chote kwa miguu, kutoka kileleni mpaka bondeni. Kubalianeni maji ya ziada yatapita wapi. Njia hiyo ipandwe majani, wala isilimwe na yeyote. Ile mimea ya mipaka ambayo wazee waliipanda isiguswe. Mtaro unavuka mpaka, lakini hauhamishi mpaka. Andikeni makubaliano, kila mmoja atie sahihi au dole gumba, na nakala ikae kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Kisha chimbeni pamoja. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Anzeni mtaro wa juu kabisa, mkishuka. Ukianza wa chini, mvua moja kubwa itaujaza udongo wa juu. Wakati mzuri ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, kabla ya mvua za vuli. Usiogope kama mwaka huu utamaliza mtaro mmoja tu. Mtaro mmoja uliopimwa sawasawa ni bora kuliko mitano ya kukadiria.

Ukihitaji msaada wa kupima, mwone afisa ugani wa kata yako. Mwambie aje na fremu, nawe uwaite majirani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kitongoji chenu, maji ya mvua hukusanyika wapi na huishia wapi?
2. Kwa nini tuta la ngazi halifai mahali penye udongo mwembamba?
3. Paa la nyumba yako lina mita ngapi za mraba? Mvua ya milimita 20 italeta madebe mangapi?
4. Jirani mmoja akikataa mtaro usipite shambani kwake, mtazungumza naye namna gani?